Shajara ya mikia: kutambua nyangumi mmoja mmoja, Unguja, msimu wa kusi

Juni, kabla ya msimu

Kusi imeshika. Wavuvi wameshaanza kuhesabu siku za kutoka na siku za kukaa, na sisi tunaandaa kamera. Nyangumi wenye nundu, waliokula na kunenepa Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, sasa wako njiani kuja kuzaa na kupandana katika maji ya vuguvugu ya Msumbiji, Madagaska, Komoro, Tanzania na Kenya. Kwetu Unguja huanza kuonekana Julai, hukolea Agosti na Septemba, na wa mwisho kuondoka ni kina mama wenye ndama wachanga.

Kazi tuliyojipa ni kuweka kumbukumbu ya nyangumi wanaopita Mkondo wa Zanzibar na upande wa mashariki wa kisiwa, kila mmoja peke yake, kwa picha ya mkia wake. Tuko watu wachache: manahodha wa boti za watalii, wapigambizi, na mimi ninayeshughulika na faili. Naandika shajara hii ili anayetaka kuanza kazi kama hii Mtwara, Tanga, Watamu au Lamu ajue mapema mambo yanavyokwenda.

Nieleze kwanza kwa nini mkia. Nyangumi huyu akitaka kuzama chini hasa, hukunja mgongo, kisha huinua mkia wote juu ya maji. Kwa sekunde mbili tatu upande wa chini wa mkia unamtazama aliye nyuma yake. Upande huo una nyeupe na nyeusi zilizochanganyika kwa namna ambayo hairudiwi kwa mwingine. Wapo walio weupe karibu wote, wapo weusi tii, na wengi wako katikati, na madoa, mawimbi na mistari yao. Juu ya rangi hiyo yamo makovu: mistari sambamba iliyoachwa na meno ya nyangumi muuaji, miduara ya viumbe wenye magamba waliowahi kung'ang'ania ngozi, michubuko ya kamba za nyavu. Na ukingo wa nyuma una vichonge na mapengo yake, kuanzia ncha moja hadi nyingine, na katikati pana mkato. Kwa nyangumi mzima rangi hubaki miaka na miaka. Makovu ndiyo huongezeka. Kwa ndama rangi inaweza kubadilika miaka ya mwanzo, kwa hiyo picha za ndama tutaziweka kwenye folda yao.

Ujuzi huu ni wa juzi tu. Ulipata nguvu miaka ya 1970, Charles Jurasz alipokuwa akipiga picha Alaska, na Steven Katona na wenzake wa chuo cha College of the Atlantic huko Maine, Marekani, walipoanza kupanga mikia ya Atlantiki ya Kaskazini katika daftari moja. Kabla ya hapo, njia ya kujua nyangumi ametoka wapi na kwenda wapi ilikuwa kumpiga kwa kipande cha chuma chenye namba, kikazama ndani ya nyama yake. Namba hiyo ilisomwa siku alipouawa na kukatwakatwa juu ya meli. Picha inamwacha hai, na inaweza kupigwa tena mwakani, na mwaka wa baada ya huo. Kuna dume mmoja wa Alaska aliyepigwa picha mara ya kwanza mwaka 1972 na akaonekana tena mwaka 2024. Hiyo ni miaka 52 ya maisha ya mnyama mmoja, imeshikwa na picha za mkia.

Mwanzo wa Julai

Nyangumi bado. Wiki yote imekwenda kwenye fomu na simu, na kwa maoni yangu hapa ndipo mradi wa namna hii hufa au hupona.

La kwanza ni WhatsApp. Picha nyingi za nyangumi za pwani hii zimo kwenye simu za watu, na zinasambaa kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa: vichonge vidogo vya ukingo wa mkia vinapotea, na tarehe na mahali vilivyokuwa ndani ya faili vinafutika. Mtu anakuletea mkia mzuri kabisa, ukimwuliza ni wa lini anasema "nilitumiwa". Basi tumekubaliana na manahodha wote: picha itumwe kama hati, yaani kwenye kile kibonyezo cha kuambatisha chagua "document" na siyo "gallery". Inakuja nzima, na tarehe yake ndani.

La pili ni saa. Nahodha akiandika "saa 3" anamaanisha saa tatu asubuhi. Kamera ya mgeni inaandika 09:00 kwa wakati uleule, na kamera nyingine bado iko kwenye saa za Ulaya. Ukichanganya hizo kwenye jedwali moja, boti mbili zilizomwona nyangumi mmoja kwa pamoja zinaonekana zilipishana kwa saa sita. Fomu sasa ina sehemu mbili, saa ya Kiswahili na saa ya kamera, na kila asubuhi kabla ya kutoka kila kamera inapiga picha ya skrini ya GPS. Picha hiyo moja inatosha kurekebisha saa za picha zote za siku.

La tatu ni mahali. "Nje ya Nungwi" haitoshi. Tunataka namba za GPS, zikikosekana basi kina na alama za nchi kavu, ambazo manahodha wanazijua kuliko mimi.

19 Julai

Wamefika.

Tulitoka Kizimkazi alfajiri, kabla upepo haujaamka vizuri. Nahodha ndiye aliyeona pumzi ya kwanza, mbali, upande wa kusi. Nilimwamkia asubuhi ile kwa shikamoo na hatukusemezana sana mpaka hapo, kwa sababu akiwa kazini yeye hutazama maji tu. Akapunguza mwendo, akaja kwa ubavu, sambamba nao, hakuwakata njia. Tumejiwekea sheria ya kutokaribia chini ya mita 100, na wakiwa na ndama mbali zaidi. Walikuwa wawili, wakubwa wote.

Ukiwaangalia mara kadhaa unaanza kujua mpangilio wao. Anapumua, anateleza, anapumua tena, na kila safari mgongo unaonekana kidogo tu. Pumzi ya mwisho ni tofauti: mgongo unapanda juu na kukunjika, nundu inasimama. "Huyo mwanangu, anakwenda chini, shika kamera!" nahodha akaniambia, na gia ameshaitoa. Mkia ukainuka, maji yakimwagika kutoka ukingoni, na upande wa chini ukaja wazi mbele yetu: mweupe ncha zote mbili, katikati mweusi, na kwenye bapa la kushoto mistari minne ya meno iliyolala kwa mshazari. Kisha ukazama bila kelele, juu ya maji pakabaki duara laini lisilo na viwimbi.

Mwenzake hakuinua mkia hata mara moja. Tulimpiga picha pezi la mgongo, pande zote mbili. Si kitambulisho kizuri kama mkia, lakini ndicho alichotupa.

Mambo ya kamera, kwa anayetaka: kasi isipungue 1/1000 ya sekunde, kamera iwe kwenye kupiga mfululizo, na usitazame skrini mpaka mkia umezama wote. Ukae nyuma yake kadiri iwezekanavyo. Ukiwa ubavuni unapata ncha moja tu. Jua likiwa nyuma ya nyangumi rangi zote zinakuwa giza, lakini usiifute picha hiyo. Ukingo wa nyuma bado unaonekana, na ukingo peke yake umeshawahi kutosha kumtambua nyangumi.

Mwisho wa Julai

Kusi kali. Hakuna boti iliyotoka mashariki. Nimepanga mafaili.

8 Agosti

Leo amenitembelea kijana anayeongoza watalii Nungwi, akauliza swali ambalo wengi wanaliuliza: sisi tukishajua mkia huu ni wa nyangumi huyu, iweje? Nikamweleza habari ya dume wa Kolombia, nami naiandika hapa kwa sababu inahusu maji yetu wenyewe.

Dume huyo alipigwa picha mwaka 2013 pwani ya Pasifiki ya Kolombia, akiwa katika kundi la madume wanaomgombania jike. Mwaka 2017 akapigwa picha tena, Kolombia ileile, si mbali na pale pa kwanza. Mwezi Agosti 2022 akapigwa picha katika Mkondo wa Zanzibar. Kwa njia iliyo fupi kuliko zote, kutoka pale hadi hapa ni kilomita 13,046, na mwili wake hakika uliogelea zaidi ya hapo, kwa kuwa nyangumi hakati njia iliyonyooka. Habari yake ilipochapishwa, huo ulikuwa umbali mrefu kuliko wote uliowahi kuthibitishwa kwa nyangumi mwenye nundu kati ya sehemu mbili za kuzalia. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya jike aliyepigwa picha Brazili mwaka 1999 na kisha Madagaska mwaka 2001, zaidi ya kilomita 9,800. Na picha ile ya Madagaska ilipigwa kutoka kwenye boti ya watalii.

Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walichapisha habari ya dume huyo Desemba 2024. Walichokuwa nacho mkononi ni picha za mkia wake tu. Picha za Kolombia zilikuwa kwenye tovuti ya Happywhale, aliyoianzisha Ted Cheeseman mwaka 2015, ambako watafiti na watalii wa dunia nzima huweka mikia yao. Picha ya Zanzibar ikawekwa humo, kompyuta ikazileta pamoja, watu wakazikagua na kukubali. Kwa nini alisafiri hivyo? Watafiti wametaja mabadiliko ya hali ya hewa, ambayo huenda yanagusa upatikanaji wa kamba wadogo wa Antaktika wanaoliwa na nyangumi, na pia uwezekano kwamba dume anatafuta majike mahali pasipo na ushindani mwingi. Jibu moja la hakika halijapatikana.

Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka ule wa 2022 alikuwa kazini baharini Agosti nzima. Akafungua simu akaanza kurudi nyuma kwenye picha zake. Hakumpata dume huyo. Alipata mikia mingine ya msimu ule, na yote imeingia kwenye daftari.

23 Agosti

Habari ya kompyuta, maana wengi wanadhani ni uchawi.

Zamani kulinganisha kulifanywa kwa jicho. Katika Pasifiki ya Kaskazini mradi mmoja mkubwa wa miaka 2004 hadi 2006 ulikusanya karibu nyangumi 8,000, na kulinganisha mikia yao kulichukua muda mrefu sana kwa watu waliokaa na picha mbele yao. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mashindano ya kutambua mikia kwa kompyuta, yaliyofanyika kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya wataalamu wa data, na kumalizika mwanzoni mwa 2019. Washindani walipewa picha 25,361 za mafunzo na nyangumi 5,004 wanaojulikana. Ugumu wenyewe uko hapa: zaidi ya nyangumi elfu mbili kati ya hao walikuwa na picha moja tu. Huwezi kuifundisha mashine kumjua mtu kwa kumwonyesha mara moja, kwa njia ile inayotumika kutofautisha paka na mbwa.

Njia iliyofanya kazi ni kuifundisha mashine kupima ukaribu. Kila mkia hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya namba, na mafunzo yanasukuma picha za nyangumi mmoja zikaribiane na za wengine ziachane. Mkia mpya ukija, mashine inatafuta zilizo karibu nao. Zisipokuwepo, huyo huenda ni mgeni.

Kuna ujanja mmoja uliotumika humo ambao nimeupenda kupita kiasi. Ukigeuza picha ya mkia kushoto kuwa kulia, kama kwenye kioo, unachopata si nyangumi yule, kwa sababu doa lake la kushoto sasa liko kulia. Basi baadhi ya washindani waliugeuza kila mkia na kuuhesabu kuwa nyangumi mwingine kabisa, asiyekuwepo duniani. Wakapata "nyangumi" 10,008 wa kufundishia badala ya 5,004, na mashine ikalazimika kutazama kwa makini kitu kiko upande gani.

Mfumo uliotokana na kazi hiyo hupata jibu sahihi kwa asilimia 97 hadi 99 picha ikiwa nzuri. Ikiwa mbaya, matokeo hushuka. Kwa hiyo kwetu sheria ni kwamba kompyuta inapendekeza, watu wawili wanakagua kila mmoja peke yake, na tunakubali iwapo alama tatu au zaidi zinalingana. Rangi peke yake haitoshi. Mikia myeusi tii inatuchukua jioni nzima, maana hapo umebaki na vichonge tu.

6 Septemba

Tumepata wa kwanza aliyerudi.

Picha moja ilitoka kwa mpigambizi, misimu miwili iliyopita, upande wa Mnemba. Nyingine ni ya wiki hii, iliyopigwa na nahodha mwenyewe kwa simu, ikatumwa kama hati. Niliziweka sambamba kwenye skrini. Ncha ya kulia imepinda kidogo kwa ndani katika picha zote mbili. Chini ya mkato wa katikati kuna doa jeupe lenye mkia mrefu unaoelekea kushoto. Vichonge vitatu karibu na ncha ya kushoto, cha kati kirefu kuliko wenzake. Katika picha ya zamani bapa la kulia ni safi. Katika mpya lina duara mbili za kovu. Hilo la mwisho halimtengui, kwa kuwa makovu huongezeka. Mwenzangu alikagua bila kuambiwa jibu langu, akafika palepale.

Nilimpigia nahodha. Aliuliza swali moja: "Ni dume au jike?" Kwa mkia peke yake huwezi kujua. Tunasubiri mwaka ambao atakuja na ndama, au wachunguzi wa vinasaba wapate kipande cha ngozi. Akasema atamtafuta.

17 Septemba

Sasa ni kina mama na ndama, karibu na ufuko, maji ya kina kifupi. Mama mwenye ndama mchanga huinua mkia kwa nadra, kwa sababu hazami mbali na mtoto wake. Ina maana daftari letu litakuwa na madume wengi kuliko majike, na ni lazima jambo hili likumbukwe mtu anapoanza kukokotoa.

Ukokotoaji wenyewe, kwa mfano wa kubuni: mwaka wa kwanza umetambua nyangumi 60. Mwaka wa pili umetambua 50, na kati yao 10 ni walewale wa mwaka jana. Zidisha 60 kwa 50, gawa kwa 10, unapata 300. Hayo ni makadirio ya wote, pamoja na ambao hujawaona. Hesabu ni nyepesi, masharti yake ndiyo magumu: kila nyangumi awe na nafasi sawa ya kupigwa picha, na mama mwenye ndama hana nafasi hiyo. Ndiyo maana siku hizi tunakazana na mapezi ya mgongo.

Makadirio ya namna hii, yakifanywa kwa miaka mingi, yanaonyesha mambo ambayo hakuna boti moja ingeyaona. Daftari la Pasifiki ya Kaskazini lilifikisha nyangumi 27,956, na kutokana nalo watafiti wakaonyesha kwamba idadi ilipanda hadi 33,488 mwaka 2012, kisha ikashuka hadi 26,662 mwaka 2021, baada ya joto kali la bahari la 2014 hadi 2016. Mmoja katika kila watano ametoweka, na bila picha za mikia watu wangeendelea kusema nyangumi wanaongezeka.

Upande wetu wa dunia haja ni kubwa zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili meli za Umoja wa Kisovyeti ziliua zaidi ya nyangumi wenye nundu 48,000 katika Nusudunia ya Kusini, na taarifa zilizopelekwa rasmi zikasema hawakufika 3,000. Ukweli ulitoka miaka ya 1990. Tunaowaona wakipita Unguja ni wajukuu wa waliosalimika, na hesabu ya kuaminika kwao inapaswa kuanza na mnyama mmoja aliyetambuliwa.

4 Oktoba

Mazungumzo marefu na watu wa Mafia wanaoshughulika na papa potwe. Wao hawangoji mkia: hupiga picha madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua, na programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na ile waliyoitengeneza wanasayansi wa astronomia kulinganisha ramani za nyota. Tumekubaliana kupanga folda na majina ya faili kwa mtindo mmoja, ili boti ikiona wanyama wote wawili, nahodha asijaze fomu mbili.

2 Novemba

Tangambili. Bahari imetulia, na nyangumi wameondoka. Kila mkia wa msimu huu unaofaa umepandishwa Happywhale, pamoja na jina la nahodha aliyekuwa usukani kwa wale walioridhia jina lao litajwe. Kwa wengi jibu lililorudi ni kwamba hawajawahi kuonekana popote. Kila mmoja wao ameingia kwenye daftari kama mpya.

Kazi ya kuanzia sasa hadi Juni ni picha za zamani. Mwenye mkia wa nyangumi kwenye simu, kamera au diski, aliopiga Unguja, Pemba, Mafia au pwani ya bara, mwaka wowote ule, atupatie faili nzima, tarehe na mahali. Picha ikiwa mbaya ailete pia; tutatazama ukingo. Manahodha wa Nungwi wameshachukua fomu za msimu ujao.